Mafurry Wanapigana Wenyewe kwa Wenyewe: Nani Hasa Anawachafulia Jina?

Kama wewe ni mtu wa kushinda TikTok usiku ukitafuta usingizi, najua ushapatana nao. Msee mzima amevaa kichwa kikubwa cha mbweha, mkia unaning'inia nyuma, anadansi kwa lobi ya hoteli huko Marekani kama hana shida duniani. Ukifungua komenti unapata vita. Nusu inasema wacheni watu wajibambe, nusu ingine inaitisha maombi ya mnyororo.

Hao ndio mafurry. Lakini vita unayoiona kwa komenti ni ndogo. Ile kubwa iko ndani ya mbogi yao wenyewe, na imedumu zaidi ya miaka 30. Swali ni moja: ile michoro ya wakubwa, ile ya mambo ya chumbani, waifiche, waifukuze kabisa ama waiache iendelee? Hilo swali limevunja urafiki, na sasa limefika kwa wabunge na kwa makampuni ya kadi za benki. Twende nalo pole pole.

FURRY NI NANI KWANZA?

Furry ni shabiki wa wahusika wanyama wenye tabia za binadamu. Wanatembea kwa miguu miwili, wanapiga stori, wanavaa nguo, wana madeni kama mimi na wewe. Wewe ulilelewa na hadithi za Sungura na Fisi, kwa hivyo wazo lenyewe si geni. Tofauti ni kwamba hawa wanajiundia mhusika wao, wanampa jina, rangi na tabia, halafu wanamtumia kama sura yao mtandaoni.

Ile suti ya manyoya ya kwa video ni ya wachache. Furscience, timu ya watafiti wa vyuo vikuu ambayo imewafuatilia kwa zaidi ya miaka 10, imepata kwamba wengi hawana suti kamili. Bei ni noma: fundi mwenye jina anaweza kukuitisha maelfu ya dola. Tafiti hizo hizo zinaonyesha wengi ni vijana, na sehemu kubwa ni LGBTQ. Hiyo pointi ya mwisho ishike, tutairudia.

WALIZALIWA NYUMBA MOJA

Kuna watu ndani ya mbogi hukuambia kwamba zamani mambo yalikuwa safi, halafu wachafu wakaingia wakaharibu. Ukifuatilia historia, hiyo stori haisimami.

Mwaka 1980 huko Boston, kwa kongamano la mashabiki wa hadithi za sayansi, msanii Steve Gallacci alionyesha kazi yake ya wahusika wanyama na watu wakaanza kukutana kuipigia stori. Baadaye akatoa jarida la katuni, Albedo. Ndani ya hilo jarida, 1984, ndimo alimotokea kwanza Usagi Yojimbo, yule sungura samurai wa Stan Sakai ambaye watoto wa dunia nzima wanamjua. Kitu safi kabisa.

Lakini kufika hapo, Omaha the Cat Dancer ya Reed Waller ilikuwa ishatoka, 1978. Hiyo ilikuwa katuni ya watu wazima kuhusu paka anayefanya kazi ya kudansi akivua nguo, na mambo ya chumbani yalichorwa bila kuficha. Wasomaji wengi walikuwa walewale. Kwa hivyo ile safi na ile ya wakubwa zimekuwa pamoja kutoka siku ya kwanza. Hakuna aliyemvamia mwenzake.

Januari 1989, Mark Merlino na Rod O'Riley wakaandaa kongamano la kwanza la mafurry peke yao, ConFurence, huko Costa Mesa, California. Watu hawakufika hata 100. Miaka ya tisini idadi ikapanda, na lawama nazo zikapanda. Wengine walilalamika kwamba michoro ya wakubwa imejaa kwa meza za kuuzia, kwamba mtu hawezi kuja na mtoi wake, kwamba mgeni akiingia hapo atadhani hii ni klabu ya usiku.

1998: WALIOJIITA BURNED FURS

Mwaka 1998 hasira zikapata jina. Kundi likajitokeza mtandaoni likijiita Burned Furs, yaani mafurry waliochomeka. Ujumbe wao ulikuwa mkali: sisi tulikuja hapa ju ya sanaa na hadithi, tumechoka kuonekana wachafu kwa sababu ya wachache wasiojua mipaka. Wakaanza kutaja tabia na vikundi wanavyotaka vifungiwe mlango.

Mwanzoni walikuwa na pointi. Kuna tabia hakuna mtu angependa kuitetea mbele ya mathe wake. Lakini orodha ikaendelea kurefuka. Leo ni hawa, kesho ni wale, na wengi wakaanza kuuliza: mkimaliza, nani atabaki? Kumbuka ile pointi nimekuambia ushike. Kwa mbogi yenye mashoga na wasagaji wengi hivyo, neno "kusafisha" halikusikika vile vile kwa kila sikio. Mtu aliyefukuzwa kwao nyumbani ju ya venye alivyo, akapata familia hapa, alisikia kama anaambiwa afungashe tena.

Kufika 2001 hivi, Burned Furs walikuwa wameisha nguvu. Hawakumsafisha mtu. Walichoacha ni kidonda, na mfano ambao watu bado wanautaja kila ugomvi ukianza.

HALAFU KAMERA ZIKAFIKA

Machi 2001 jarida la Vanity Fair likachapisha makala ndefu kuhusu mafurry, na ladha yote ilikuwa upande wa mambo ya chumbani. Oktoba 2003, CSI, moja ya vipindi vilivyotazamwa sana Marekani wakati huo, ikatoa episodi iliyowaonyesha mafurry wakiwa kwa mchezo wa ngono wa pamoja wamevaa suti. Mamilioni ya watu walioiona hawakuwa wamewahi kukutana na furry hata mmoja. Hiyo ndiyo ikawa picha yao ya kwanza.

Hapo viongozi wa makongamano wakaamua kushika usukani. Anayejulikana zaidi ni Samuel Conway, mwanakemia ambaye ni mwenyekiti wa Anthrocon. Sera yake kwa waandishi ni ngumu kama ugali wa jana: hauingii na kamera vile unataka, unaomba ruhusa, unafuata masharti. Kuna mafurry walioona hiyo ni kujificha, eti kama hatuna aibu tunaficha nini? Wengine wakamshukuru.

Matokeo yako wazi. Anthrocon imekuwa Pittsburgh kutoka 2006, na mwaka wa 2024 watu zaidi ya 17,000 walihudhuria. Jiji limewazoea mpaka wenye mikahawa wanaweka mabango ya kuwakaribisha, na gwaride lao la suti familia za mtaa hutoka na watoto kuliangalia. Kila mwaka wanachangia pesa kwa shirika la kutunza wanyama.

Sasa usidhani Anthrocon ilifika hapo kwa kufukuza sanaa ya wakubwa. Njia ambayo makongamano mengi makubwa yalichukua ni ya kawaida sana, kama ya baa yenye watu wa heshima. Kazi za wakubwa zinakaa upande wake, zimefunikwa, unaonyesha kitambulisho ndio uone. Walio chini ya miaka 18 wanatambulika kwa beji na wanahitaji ruhusa ya mzazi. Lobi ni ya kila mtu, kwa hivyo lobi inabaki na heshima.

Na penye sheria hazikushikwa, tuliona kilichotokea. RainFurrest ya Seattle, 2015: mabomba yaliharibiwa, sehemu za hoteli zikafurika maji, wengine wakaleta tabia za chumbani mpaka maeneo ya watu wote. Hoteli ikasema hapana. Waandaaji wakatafuta pahali pengine wakakosa, na ya 2016 haikufanyika tena. Hakuna adui wa nje aliyeua hiyo event. Ni wenyewe.

USAFI HAUKUOKOI NA UONGO

Hapa ndipo timu ya "tusafishe jina" inapata shida. Wao huamini kwamba tukifanya vizuri, watu wataacha kutuchukia. Angalia hizi mbili.

Desemba 2014, usiku, mtu aliweka poda ya klorini kwa ngazi za hoteli ya Midwest FurFest, huko Rosemont karibu na Chicago. Gesi ikasambaa, maelfu wakatolewa nje kwa baridi, 19 wakapelekwa hospitali. Polisi walisema inaonekana ilikuwa makusudi. Sasa ona runinga: kwa kituo cha MSNBC, habari iliposomwa, mtangazaji alishindwa kujizuia na kicheko akaondoka kwa meza. Watu wamevuta sumu, na stori ikawa kichekesho ju waathiriwa walikuwa na mikia.

Ya pili pengine nawe ulitumiwa kwa grupu ya WhatsApp. Ile ya kwamba shule za Marekani zimeweka sanduku za mchanga wa paka chooni ndio wanafunzi mafurry wajisaidie. Ilikuwa uongo mtupu. Machi 2022, Bruce Bostelman, seneta wa jimbo la Nebraska, aliisema bungeni kisha akaomba radhi siku hiyo hiyo baada ya kugundua haina ukweli. Haikukoma. Kufika Oktoba 2022, NBC News ilikuwa imehesabu wanasiasa na wagombea wasiopungua 20 waliokuwa wameirudia. Mchanga wa paka pekee uliopatikana kwa madarasa ulikuwa wilaya moja ya shule Colorado, ile iliyo na Columbine, na uliwekwa kwa ndoo za dharura ndio watoto wapate pa kujisaidia wakifungiwa ndani mtu akija na bunduki. Soma hiyo sentensi tena polepole.

Machi 2025 mbunge wa Texas, Stan Gerdes, alileta mswada wa kuwapiga marufuku "mafurry" shuleni, na akaupa jina ambalo herufi zake zinaandika neno FURRIES. Gavana Greg Abbott akaupigia debe. Ushahidi ulipoitishwa, hakukuwa na kitu cha kushika. Mswada haukupita.

Angalia basi: ile ya sanduku la paka haikutoka kwa mchoro wowote wa wakubwa. Hata kama kila furry angechora tu sungura wakinywa chai, huo uongo ungetungwa bado. Mtu akitaka kukutumia kutisha wazazi wakati wa kura, haangalii kama umeoga.

KWA NINI WASIACHANE NA HIYO MICHORO TU?

Swali fair. Jibu la kwanza ni doh. Uchumi wa mafurry unaendeshwa na wasanii wa kuagizwa: unamwambia msanii akuchoree mhusika wako, unalipa, anachora. Kuna watu wameacha ofisi ju ya hii kazi. Na wasanii wengi hukuambia wazi kwamba oda za wakubwa ndizo hulipa rent. Msanii huyo huyo anayekuchorea beji safi ya kongamano anaweza kuwa ndiye anachora ile ingine usiku. Ukifunga moja, ile ingine pia inayumba.

Jibu la pili ni kwamba watu wazima wana haki ya vitu vya watu wazima, mradi hakuna anayeumizwa. Filamu zina kitengo chake, vitabu pia, muziki pia.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa sitazunguka. Mbogi hii imejaa watoi. Mtoto wa miaka 13 anapenda katuni, anajiunga, anapata marafiki, na ndani ya wiki anaweza kuwa kwa grupu moja na mtu wa miaka 35 mwenye akaunti ya michoro ya chumbani. Hiyo ndiyo hatari ya kweli. Na kwa miaka mingi, ugomvi wa "watu watatuonaje" umekula nguvu ambazo zingeenda kwa swali la "huyu mtoto analindwa na nani". Mbaya zaidi, mbogi ikiogopa sana aibu, mtu akitaka kuripoti jambo baya huambiwa anyamaze asiharibie wengine jina. Kila kanisa, kila timu na kila shule inayojali sura yake kupita kiasi hujua hiyo tabia.

Fur Affinity, tovuti kubwa ya michoro ya mafurry iliyoanza 2005, iligusa hapo Mei 2023. Ilitangaza kwamba mhusika akionekana na umbo la mtoto, hawezi kuwekwa kwa mchoro wa ngono, hata msanii akiandika kwamba ana miaka 300. Moto ukawaka. Wengine walisema hatimaye. Wengine wakauliza, na viumbe wafupi wa Pokémon na Digimon, ambao kila mmoja ni mdogo kwa umbo, je? Wenye tovuti wakalazimika kutoa maelezo zaidi kuhusu mpaka uko wapi hasa. Sheria ilikuwa na kona za kubishaniwa, lakini ilikuwa inabishania kitu sahihi. Kwa mara moja hoja haikuwa "majirani watasema nini".

REFA MPYA AMEINGIA UWANJANI

Wakati wao wanang'ang'ana ndani, wa nje wamefika na filimbi.

Mei 2023 Florida ilipitisha sheria dhidi ya kuingiza watoto kwa maonyesho ya wakubwa. Imeandikwa kwa maneno mapana, na kongamano la Megaplex likaamua kutokubali mtu yeyote chini ya miaka 18 mwaka huo, ndio lisijipate kortini. Vijana waliokuwa wakienda na wazazi wao wakafungiwa nje.

Juni 27, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali sheria ya Texas inayolazimisha tovuti za ponografia kuthibitisha umri. Julai 25 mwaka huo, Uingereza ikaanza kutekeleza masharti kama hayo. Tovuti ndogo inayoendeshwa na watu wachache wa kujitolea haina mfuko wa kulipia mitambo ya kukagua vitambulisho.

Halafu makampuni ya malipo. Julai 2025, baada ya kampeni ya kikundi cha Australia kinachoitwa Collective Shout, wenye kusimamia malipo ya kadi waliibana Steam na itch.io. Itch.io ikaondoa maelfu ya kazi za wakubwa kwa utafutaji wake karibu usiku mmoja, na zilizopotea hazikuwa za mafurry peke yao. Hakuna jaji, hakuna bunge. Mwenye bomba la pesa alifunga koki. Kama wewe unachora ama kuunda gemu hapa Nairobi na unalipwa na wateja wa majuu, shika rada: hilo bomba ni moja na lako.

Na mashine haijui tofauti. Tumblr ilipopiga marufuku mambo ya wakubwa Desemba 2018, programu yake ilinasa hadi picha zisizo na hatia. Yule aliyekuwa akilia "safisheni" anaweza kujipata amefagiliwa pamoja na taka.

SASA NANI ANAWACHAFULIA JINA?

Sisi tulishaona movie kama hii. Gengetone ilipolipuka 2018, Ezekiel Mutua wa Bodi ya Filamu akawaka, na wasanii wote wakatiwa kwa gunia moja, mchafu na asiye mchafu. Nyimbo hazikuisha. Zilichobadilisha ni nani anazicheza, saa ngapi, na mbele ya nani.

Kwa mtazamo wangu, Burned Furs walikosea pahali pamoja kubwa: walipigania sura. Sura haiko mikononi mwako, iko mikononi mwa anayetaka kukucheka, na huyo hatashiba. Lakini wale wa upande mwingine, wa "usituhukumu hata kidogo", nao wamekosea kudhani kila anayeomba mipaka ni adui wa uhuru. Ukiangalia kilichofanya kazi, kutoka Pittsburgh mpaka kwa makongamano mengine yaliyosimama, si usafi wala vurugu. Ni mlango. Mlango wenye mtu mzima amesimama hapo, anayeuliza kitambulisho, na anayejua afanye nini mtoi akija kumwambia kuna mtu anamsumbua.

Mafurry wasipojijengea huo mlango, wabunge na wenye kadi watawajengea wao, na hao huweka kufuli kwa nyumba nzima.

Wewe je? Ukiwa ndio msimamizi, ungefunga chumba cha wakubwa kabisa, ama ungeweka bawabu? Tupatane kwa komenti, na matusi muache nyumbani.